Nyumba Njema si Mlango: Fedha, Kaya na Maana ya Kutosheka

1.0 Utangulizi

Swali la iwapo fedha huleta raha nyumbani si geni katika Kiswahili. Methali zimelijibu kwa namna zinazopingana: upande mmoja husemwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na upande wa pili kuwa fedha fedheha. Anayetaka kuhimiza uchumaji hupata methali yake, naye anayetaka kuwatuliza wasionacho hupata yake. Tangu miaka ya 1970 swali hilohilo limeingia katika taaluma za uchumi na saikolojia, na huko limevikwa tarakimu. Mapato ya kaya huwekwa upande mmoja, kiasi cha furaha huwekwa upande wa pili, kisha uhusiano baina ya pande hizo mbili hukokotolewa.

Makala haya yanatetea msimamo kwamba fedha huleta utoshelevu pale zinapotosha, na kwamba kutosha huko hakujulikani kwa kulinganisha jumla ya mapato ya kaya moja na jumla ya mapato ya kaya nyingine. Hujulikana ndani ya nyumba, kwa kuangalia ni nani mwenye kauli juu ya fedha, na kwa uhakika kiasi gani fedha hizo zitapatikana tena kesho. Kutokana na msimamo huo, inahojiwa vilevile kwamba usomaji wa fasihi ya Kiswahili unaoifanya kinaa kuwa pambo la umaskini umekosea, kwa sababu haukujiuliza kinaa hiyo ilihubiriwa kwa nani.

Suala hili haliwahusu wachumi peke yao. Mtafiti anapotaka kujua kama Mtanzania au Mkenya wa kawaida ameridhika na maisha yake, aghalabu humwuliza kwa Kiswahili. Jibu atakalopewa linategemea neno alilolitumia katika kuuliza, na uchambuzi wa maneno ni kazi ya wataalamu wa lugha.

2.0 Kutosha na Kutosheka

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu: furaha, raha, ridhaa, kinaa, heri na utoshelevu. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana nafasi, lakini hayalingani. Furaha ni hisia inayokuja na kuondoka. Mtu hufurahi harusini na kuhuzunika matangani siku hiyohiyo. Raha ni kukosekana kwa udhia. Kuridhika ni kuikubali hali ilivyo. Kukinai kuna maana mbili zinazostahili kuzingatiwa: maana ya kwanza ni kutosheka na ulicho nacho, na ya pili ni kuchoshwa na kitu kwa sababu umekipata kupita kiasi. Aliyekula pilau siku saba mfululizo huweza kuikinai. Maana zote mbili zinamhusu mtu ambaye amekwisha kupata. Hakuna anayeweza kukinai pilau ambayo hajaionja.

Neno lenye manufaa zaidi kwa mjadala huu ni kutosheka, hasa kwa sababu ya umbo lake. Kitenzi tosha huchukua kitu kuwa kiima chake na mtu kuwa shamirisho: “chakula kinamtosha”, “mshahara unawatosha”. Kinapoongezewa kiambishi cha kutendeka, yule aliyekuwa shamirisho hupanda na kuwa kiima: “ametosheka”, “wametosheka”. Utaratibu huu ni uleule wa vunja na vunjika. “Mtoto amevunja kikombe” huzaa “kikombe kimevunjika”, na katika sentensi hii ya pili mvunjaji hatajwi. Hata hivyo kutotajwa kwake hakumaanishi kwamba kikombe kilijivunja. Vivyo hivyo, nyuma ya kila “ametosheka” kuna kitu kilichomtosha, ingawa sarufi inaruhusu kitu hicho kisitajwe.

Tofauti baina ya kuridhika na kutosheka hudhihirika zinapowekwa katika muktadha mmoja. Sentensi “mshahara hautoshi, lakini wameridhika nao” haina mgogoro wa maana. Sentensi “mshahara hautoshi, lakini wametosheka nao” humkwaza msikilizaji, kwa kuwa sehemu yake ya pili inaikana ile ya kwanza. Mtu anaweza kuridhika na kisichomtosha, lakini ni vigumu atosheke nacho.

Yamkini atatokea mtu wa kudai kuwa matumizi ya leo yameifuta tofauti hii, na kwamba wazungumzaji wengi husema “tosheka na ulicho nacho” bila kujali kama alicho nacho msikilizaji kinatosha. Dai hilo ni la kweli, nalo linaupa nguvu msimamo wa makala haya. Amri “tosheka!” imewezekana kwa sababu sarufi humruhusu msemaji aifiche nomino ya kile kinachopaswa kutosha. Kinachofichwa ni fedha, chakula, paa au ada ya shule. Kinachobaki ni mtu na wajibu wake wa kutolalamika. Hivyo hali ya kiuchumi imegeuzwa kuwa tabia ya mtu binafsi, na mgeuzo huo haukuhitaji hoja yoyote zaidi ya kiambishi kimoja.

3.0 Tarakimu za Furaha na Lugha Zinamoulizwa

Mjadala wa kisasa wa wanauchumi juu ya fedha na furaha kwa kawaida hurejeshwa kwa Richard Easterlin, ambaye mwaka 1974 alionyesha jambo lililokuwa kama kitendawili. Ndani ya nchi moja, wenye mapato makubwa hujitaja kuwa na furaha kuliko wenye mapato madogo. Walakini, wastani wa furaha nchini Marekani haukupanda kadiri pato la nchi hiyo lilivyokua kwa miaka mingi. Betsey Stevenson na Justin Wolfers waliipinga hoja hiyo mwaka 2008 kwa data za nchi nyingi zaidi, na ubishi haujesha hadi leo.

Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walichambua zaidi ya majibu 450,000 ya Wamarekani. Waligundua kwamba hisia za siku kwa siku hazikuendelea kuboreka baada ya mapato ya kaya kufikia takriban dola 75,000 kwa mwaka, ilhali tathmini ambayo mtu huyapa maisha yake kwa jumla iliendelea kupanda. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth alipata matokeo tofauti: hisia nazo ziliendelea kupanda. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth waliandika pamoja na Barbara Mellers. Walifikia uamuzi kwamba kikomo kile kipo hasa kwa kundi la watu wasio na furaha. Kwa wengi waliosalia, mapato yanapoongezeka hali huzidi kuwa njema.

Funzo kubwa la ubishi huu ni kwamba majibu hutegemea kilichoulizwa. Anayeulizwa kama jana alicheka na anayeulizwa kama maisha yake ni mazuri wanajibu maswali mawili tofauti, hata kama ni mtu mmoja. Katika Kiswahili swali la kwanza liko karibu na furaha, na la pili liko karibu na kuridhika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouliza moja kwa moja juu ya kutosheka.

Taarifa ya Furaha Duniani, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2012, huzipanga nchi kwa kipimo cha ngazi kilichobuniwa na Hadley Cantril katika miaka ya 1960. Mhojiwa hutakiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia sufuri hadi kumi. Kidato cha juu kabisa kinawakilisha maisha bora kuliko yote yanayowezekana kwake, na cha chini kabisa maisha mabaya kuliko yote. Kisha husema anajiona amesimama kwenye kidato kipi. Katika taarifa ya mwaka 2019 Tanzania iliwekwa nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Burundi, ambayo pato lake la wastani kwa mtu ni dogo mara kadhaa kuliko la Tanzania, ilikuwa juu yake.

Zipo tafsiri nyingi zinazoweza kutolewa juu ya matokeo hayo, na makala haya hayadai kuwa na ufafanuzi kamili. Yanachosisitiza ni kwamba ngazi hiyo haina neno furaha wala neno fedha ndani yake, ilhali jalada la taarifa linatangaza furaha. Zaidi ya hayo, ngazi ni sitiari, na sitiari haivuki mpaka wa lugha bila kubeba mzigo mpya. Mathalan, mfasiri akiandika “maisha bora” kwa ajili ya Mtanzania, anatumia maneno yaliyokuwa kaulimbiu ya chama tawala katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2005. Anayeyasikia anaweza kuyapima maisha yake kwa kuyalinganisha na ahadi. Akiandika “maisha mema”, huenda mhojiwa akafikiria uadilifu. Akiandika “maisha ya raha”, huenda akafikiria starehe. Maneno hayo matatu yanaweza kutoa vidato vitatu tofauti kwa mtu mmoja mwenye mfuko uleule.

4.0 Kinaa Ilihubiriwa kwa Nani?

Fasihi ya Kiswahili mara nyingi huletwa kuwa shahidi wa wazo kwamba mali haileti raha. Ushahidi huo upo, lakini shahidi anastahili kuhojiwa kwanza: alikuwa akizungumza na nani?

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unaonyesha majumba ya mabwana wa Pate yaliyokuwa na fahari na taa, kisha yakawa magofu. Mshairi anauonya moyo wake usihadaike na ulimwengu. Onyo hilo lina maana kwa mtu wa tabaka lililojua fahari hiyo. Mtumwa aliyezibeba taa zile hakuwa na jumba la kuliacha, na hakuna ubeti unaomtaka atosheke na utumwa wake. Kuuchukua utenzi huu na kuufanya mawaidha kwa maskini ni kuibadilisha anwani ya barua.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Lamu mnamo mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa binti yake juu ya dini, adabu na kuishi na mume. Wasomi wamebishana sana kuhusu utii unaousiwa humo. Lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba nyumba inayoelezwa ni nyumba yenye nafasi. Mtunzi alikuwa mjane wa mtawala wa Siyu, na utulivu wa nyumba anaouelekeza una msingi wa vitu. Haifai kuuchukua utulivu huo kuwa kielelezo kwa nyumba zote bila ya kuuliza nani aliufanya uwezekane kwa kutwanga, kuteka maji na kufua.

Mfano unaotajwa zaidi madarasani ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo cha mwandishi. Utubora anauacha ukarani na mshahara wake, anakwenda kulima Busutamu, na huko anapata utulivu. Hadithi hii hufundishwa kama sifa ya maisha duni. Lakini Utubora anaondoka kwa hiari yake mwenyewe, naye ana kitu cha kukiacha. Jembe lake ni la mtu aliyechagua jembe. Mkulima ambaye hakuwahi kupewa ukarani hakabiliwi na uamuzi huo, na kumwita Utubora ni kumvisha nguo ambayo haikupimwa mwilini mwake. Fundisho la kitabu ni kwamba mwenye uwezo wa kuchagua anaweza kuchagua kidogo na bado akatosheka. Hakuna humo fundisho kwamba kidogo kinamtosha kila mtu.

Riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, Kiu (1972), inaonyesha upande wa pili. Mwinyi ana mali na anatamani mapenzi. Idi anatamani mali na anayatumia mapenzi kuwa njia ya kuipata. Bahati, anayependa kwa dhati, anageuzwa kuwa chombo baina yao. Hapa mali ipo, na tena ni nyingi, lakini hakuna anayetosheka. Sababu si wingi wala uhaba wake. Kila mmoja anaitumia mali kukinunua kisichonunulika kwa mwenziwe, na mtu mwenye haki ndogo kuliko wote katika mpango huo ndiye anayelipa. Riwaya hii inaliondoa swali kutoka “ni kiasi gani?” na kulipeleka kwenye “ni nani juu ya nani?” Hilo ndilo swali ambalo takwimu za kaya haziliulizi.

5.0 Chungu Kimoja, Mifuko Mingi

Katika takwimu rasmi, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulikadiria mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Waliokuwa chini ya kiwango hicho walikuwa asilimia 26.4 ya watu, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, na bila yake mjadala wa umaskini ungebaki kuwa wa hisia tu. Lakini hesabu yake huyachukua matumizi ya kaya nzima na kuyagawa kwa kila aliyemo, kana kwamba chungu kimoja kina maana ya mfuko mmoja.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa nyumba mbili katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kila moja ikitumia shilingi 600,000 kwa mwezi na kila moja ikiwa na watu watano. Katika nyumba ya kwanza mume huacha fedha za matumizi ya siku kila asubuhi. Mke hajui mshahara ni kiasi gani, na mtoto akiugua usiku hana budi kusubiri mwenye fedha arudi. Katika nyumba ya pili mke na mume wanajua kinachoingia. Mke ana zamu yake katika upatu, na ada ya shule ya Januari imeanza kuwekwa tangu Septemba. Mtakwimu ataziandika nyumba hizi kwa tarakimu zilezile. Jirani hatazichanganya hata siku moja. Methali husema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ulinganishaji wa jumla za mapato huishia mlangoni.

Ushahidi wa kitaaluma unaunga mkono jambo hili. Esther Duflo, katika makala yake ya mwaka 2003, alichunguza pensheni za wazee nchini Afrika ya Kusini. Pensheni iliyopokewa na bibi iliboresha afya na ukuaji wa wajukuu wa kike. Iliyopokewa na babu haikuonyesha athari kama hiyo. Kiasi cha fedha hakikutofautiana, wala watoto hawakuhamishwa. Kilichotofautiana ni mkono uliozishika. Huko vijijini magharibi mwa Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier walionyesha mwaka 2016 kwamba wanawake walikuwa tayari kupoteza sehemu ya mapato yao katika jaribio ili ndugu wasijue walichopata. Mtu anayelipa gharama ili kuzificha fedha zake mwenyewe anazo, lakini hazimtoshi, kwa sababu hana kauli ya mwisho juu yake.

Sheria nayo ilikwisha kulitambua tatizo hili kabla ya takwimu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu mahakama kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke huhesabiwa kuwa mchango katika kuipata mali hiyo. Kwa uamuzi huo mahakama ilikiri kwamba ndani ya kile kinachoitwa mali ya nyumba kuna jasho la watu zaidi ya mmoja. La kusikitisha ni kwamba ukiri huo huja pale nyumba inapobomoka. Nyumba inaposimama, hakuna hakimu anayeuliza nani amepika, na hojaji ya kaya aghalabu humtafuta kwanza mkuu wa kaya.

Rosa Mistika (1971) cha Euphrase Kezilahabi ni cha kukumbukwa hapa. Zakaria ni mlevi, na Regina mkewe ndiye anayeubeba mzigo wa nyumba. Kumwuliza Zakaria kama kaya yake imeridhika kungeleta jibu moja. Kumwuliza Regina kungeleta lingine. Na kuwauliza mabinti kungeleta la tatu. Wastani wa majibu hayo usingekuwa jibu la mtu yeyote aliyeishi katika nyumba ile.

6.0 Pingamizi la Wingi

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo huu ni kwamba, kwa nyumba maskini, tatizo la kwanza ni uhaba wenyewe. Ugawaji wa haki wa sufuria tupu haumshibishi mtu. Pingamizi hili ni zito, nalo lina ushahidi.

Kati ya mwaka 2011 na 2012, shirika la GiveDirectly liliwapa fedha bila masharti wanavijiji wa Rarieda, magharibi mwa Kenya, kwa njia ya M-Pesa. Wapokeaji waliteuliwa kwa bahati nasibu. Katika makala yao ya mwaka 2016, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walionyesha kwamba matumizi ya kaya hizo yaliongezeka, mali zao zikakua, ununuzi wa pombe na tumbaku haukuongezeka, na hali ya nafsi za wapokeaji ikawa bora. Kwa hiyo fedha zilileta nafuu, na wahubiri wa kinaa wanapaswa kuukabili ukweli huo. Aidha, katika mambo mengi matokeo hayakutofautiana sana baina ya nyumba ambazo mke ndiye aliyepokea na zile ambazo mume ndiye aliyepokea.

Tokeo hili la mwisho linaonekana kuipinga hoja ya sehemu iliyotangulia, na haifai kulipuuza. Linachokataa ni dhana nyepesi kwamba inatosha kumkabidhi mwanamke fedha ili nyumba ipone. Kupokea na kuwa na kauli ni mambo mawili. Fedha iliyoingia katika simu ya mke inaweza kutumiwa kwa amri ya mume, na iliyoingia kwa mume inaweza kupangiwa matumizi na wote wawili. Kwa hiyo jina la mpokeaji nalo ni mlango tu, na kilichomo ndani bado hakijaulizwa.

Upande wa majirani una funzo lake. Uchambuzi wa awali wa data za Rarieda ulidokeza kwamba kuridhika na maisha kulipungua kwa wale ambao majirani zao walipata fedha nao hawakupata. Utafiti mkubwa zaidi katika Kaunti ya Siaya, uliohusisha vijiji 653 na kuchapishwa mwaka 2022 na Dennis Egger na wenzake, ulikuta kwamba hata kaya ambazo hazikupewa zilifaidika, kwa kuwa fedha zilizunguka katika maduka na vibarua vya eneo lile. Wivu wa jirani upo, lakini si kanuni ya kudumu. Hupungua pale riziki ya mmoja inapofungua riziki ya mwingine. Hapa ndipo hoja ya Easterlin kuhusu kujilinganisha inapopata mpaka wake: watu hujilinganisha zaidi na mali isiyowafikia.

Kwa hiyo pingamizi la wingi linakubaliwa kwa nusu. Pasipo kiasi hakuna kutosheka, na hilo ndilo sarufi ya tosha ilisema tangu mwanzo. Lakini baada ya kiasi kupatikana, na hata kabla hakijakamilika, uhakika na haki ya ndani ndivyo huamua kama kiasi hicho kitamtosha kila aliyemo. Nyumba ya kibarua asiyejua kama kesho ataitwa kazini huweza kupata katika mwezi mmoja zaidi ya nyumba ya mlinzi mwenye mshahara mdogo wa kudumu, na bado ikalala na wasiwasi mkubwa zaidi.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na mjadala huu. Kwanza, taarifa za utafiti zinazotumia neno furaha kwa kila kipimo zinastahili kusahihishwa. Kinachopimwa kwa ngazi kiitwe tathmini ya maisha. Kinachopimwa kwa hisia za jana kiitwe furaha. Na juu ya kutosheka litungwe swali lake lenyewe, likitaja nomino ambayo sarufi imezoea kuificha: chakula kinatosha? Ada inatosha? Inamtosha nani, na kwa muda gani? Idara za Kiswahili zina wajibu wa kushiriki katika tafsiri ya hojaji hizo kabla hazijapelekwa vijijini, badala ya kuzihakiki baada ya matokeo kutangazwa.

Pili, ufundishaji wa fasihi juu ya mali na kinaa unahitaji kuanza na swali la hadhira. Mwanafunzi anayekaa darasani bila kula tangu asubuhi, akaambiwa kwamba Utubora alitosheka na jembe, hufundishwa kunyamaza kwa jina la fasihi. Mshairi wa Pate hakumwandikia mwanafunzi huyo, na Shaaban Robert, aliyefanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi, hakusema kwamba njaa ni hekima.

Tatu, kaya isichukuliwe kuwa mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Watafiti wawahoji waliomo kila mmoja kwa nafasi yake, na tofauti za majibu yao zihesabiwe kuwa matokeo, zisifutwe kwa wastani. Nyumba ambayo mume husema wametosheka na mke husema hawajatosheka haijapungukiwa na data. Imekwisha kutoa jibu.